Punguzo la Dakika za Mwisho

Meli ya kitalii ikaribiapo kung'oa nanga, vyumba visivyouzwa hushushwa bei, kwani chumba kitupu baharini hakiingizi chochote. Tunaelewa mnavyovutiwa. Lakini punguzo hilo, kwa maoni yetu, si letu. Apandaye meli Barcelona kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya huhitaji viza ya Schengen, na ombi lake lapaswa kuwasilishwa angalau siku 15 kabla ya safari. Meli ikitoka nje ya eneo hilo na kurejea, viza ya kuingia mara moja haitoshi. (Na tiketi ya ndege ya kukurupuka humeza punguzo lote!) Basi tukate nafasi mapema, tulipe kidogo kidogo, tukiuliza kwanza ni tarehe gani fedha zetu hazitarudishwa tena.