Gobore la Urithi na Mlango Uliofungwa

Zipo familia nchini Tanzania zilizorithi gobore pamoja na shamba na jembe. Mwenyewe amefariki, mti wa bunduki umekauka, pete zilizoushika mtutu zimelegea, na mtutu unacheza. Mrithi anataka kuukaza. Swali lake laonekana kuwa la kifundi. Kwa maoni yangu ni swali la utawala.

Mtutu uliolegea juu ya mti wake waweza kukazwa kwa pete mpya. Hatari kubwa zaidi imejificha nyuma, kwenye kizibo kinachofunga mwisho wa mtutu. Kutu ikishakula nyuzi za kizibo hicho, siku baruti itakapolipuka moto waweza kurudi usoni mwa mpigaji. Waya uliozungushwa, au chuma kilichochomelewa juujuu, huficha ubovu bila kuuondoa. Kazi hii yataka fundi mjuzi, vipimo na mwanga wa mchana.

Mwanga huo ndio anaoukosa mrithi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka umiliki wa silaha uwe kwa leseni. Shabaha yake ni halali, kwani magobore yameua wanyamapori na yameua watu. Lakini mrithi asiye na karatasi anahofu kwamba akienda kituoni kuuliza, atageuka mtuhumiwa. Humwendea mhunzi usiku. Serikali inabaki haijui silaha ilipo, na mtutu mbovu unarudi nyumbani.

Tusisahau pia silaha hizi duni zilivyobaki mikononi mwa wakulima. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha upenyo kwa gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake mengine yalikuwa kumwacha mtawaliwa na silaha dhaifu kuliko ya mtawala. Kwa hiyo baadhi ya vyuma hivi ni nyaraka za historia yetu, na kuviyeyusha vyote ni kuchoma maktaba.

Kampeni za kusalimisha silaha kwa hiari zina faida, lakini humpa mrithi njia moja tu: kuiacha mali. Napendekeza njia ya pili. Kila wilaya itenge siku ambazo mrithi ataleta silaha kukaguliwa na fundi aliyeidhinishwa, bila kushtakiwa kwa kuileta. Anayetaka kuitumia afuate masharti ya leseni. Anayetaka kumbukumbu, mtutu uzibwe kabisa, apewe hati, aitundike ukutani au aikabidhi makumbusho.

Wapo watakaosema huu ni mwanya kwa wahalifu. Jambazi hapeleki bunduki yake ikapimwe na kuandikwa. Atakayeipeleka ni raia anayetaka kutii sheria, na ndiye huyo tuliyemfungia mlango.