Uza Eksozi, Nunua Breki

Wasee, leo hakuna klipu. Leo naandika, na najua nusu yenu mtakasirika. Sawa tu.

Neno lenyewe ni hili, nilitoe mapema kabla hujachoka kusoma. Kama uko na Subaru ya zamani, ama Evo, ama Altezza, ama ile Civic umerithi kwa anko, na unataka kuikimbiza traki, shilingi yako ya kwanza haiendi kwa injini. Inaenda kwa breki. Ya pili ni ya tairi. Ya tatu ni ya rejeta na oili. Nguvu za farasi zinakuja mwisho kabisa, na wengi wetu hatutawahi kuzihitaji. Msee akikuambia tofauti, kuna kitu anakuuzia. Na kwa miaka miwili, huyo msee nilikuwa mimi.

Mnajua gari yangu. Impreza WRX ya 2001, bugeye, namba ya KBB, mimi ni mwenyewe wa nne. Mlinijua kwa sababu ya eksozi. Niliweka eksozi ya 65,000, nikaenda kutuniwa kwa 80,000, ikaanza kulipuka pa-pa-pa nikiachilia mafuta, na wafuasi wakaja kama nzige. Halafu nikapost ile klipu ya Thika Road usiku, mshale ukipanda, mimi nikicheka. Hiyo klipu ndiyo ilinipa jina. Nimeshaifuta, lakini siwezi kufuta yenye mko nayo kwa simu.

Mwaka jana mwezi wa nane, mtoi wa miaka 19 alinitumia DM. Picha ya kwanza: Forester imekumbatia chuma cha kando ya barabara, imeangalia nyuma. Picha ya pili: mguu wake kwa plasta. Chini akaandika, "Bro, nilikuwa nafanya kama ile klipu yako." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananionyesha kama shabiki. Nikamuuliza alikuwa na nani. Akasema alikuwa na beste yake kiti cha kando, na huyo beste bado hajaanza kutembea.

Nikamuuliza swali moja tu la gari: breki ilikuwaje? Akanitumia picha ya pedi za mbele zenye fundi alitoa. Zilikuwa zimeisha mpaka chuma. Hiyo gari ilikuwa imetuniwa wiki mbili kabla. Yaani mtu alipokea pesa ya kuongeza mwendo kwa gari isiyoweza kusimama, akaiosha, akapeana ufunguo, akasema "enjoy".

Sasa msifikirie hapo nikawa mwerevu. Nilijiambia huyo ni mtoi, mimi najua kuendesha. Mwezi uliofuata nikajiandikisha siku ya kupimana na saa kwenye lami iliyofungwa. Gari moja moja, hakuna matatu, hakuna boda, hakuna mama anavuka na mtoto. Nikafika na eksozi yangu, watu wakageuka. Mzunguko wa kwanza, moto. Wa pili, moto zaidi. Wa tatu, nikafika mwisho wa ile sehemu ndefu, nikakanyaga breki, na pedo ikaenda chini taratibu kama mguu ndani ya matope. Nikakanyaga tena. Matope. Nikashusha gia, nikakata kona nusu, nikaingia nyasi, nikazunguka mara mbili, nikasimama nimeangalia nilikotoka.

Niliangalia nilikotoka kama ile Forester kwa picha. Mimi na yule mtoi tulikuwa tunaendesha gari moja. Tofauti ni kwamba mimi nilipata nyasi na yeye akapata chuma.

Nikaivuta gari mpaka Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja fundi, hana hata bango. Akafungua nati ya kutoa hewa kwa kalipa, mafuta ya breki yakatoka yakiwa meusi kama chai ya mkandaa. Akaniuliza, "Kijana, hii ulibadilisha lini?" Nikasema, "Sijawahi, mzee." Akaangalia eksozi. Akaangalia hizo mafuta. Akasema, "Sasa wewe siku zote ulikuwa unasimama na nini?"

Hilo swali ndilo post yote hii. Wengine mnaweza kuishia hapo. Wenye mnataka kujua kwa nini, twende.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka kwa hewa, polepole, hata gari ikiwa imepaki. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Ikichemka ndani ya laini inatoa mapovu, na mapovu yanafinyika. Kwa hivyo mguu wako unafinya mapovu badala ya kufinya pedi. Ukingoja dakika kumi inapoa, pedo inarudi juu, unajiambia "ilikuwa kitu kidogo", unarudi barabarani. Hiyo ndiyo inaua watu, kwa sababu ukiikagua ikiwa baridi huoni shida.

Na huo moto unatoka wapi? Ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kusimama kutoka 120 ni mara nne ya kusimama kutoka 60. Sasa chukua gari ya tani moja na nusu hivi ukiwa ndani, uifanye isimame hivyo kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na pedi za bei rahisi zenye ziliundwa za kwenda Naivas na kurudi. Kisha uongeze nguvu kwa injini. Unaona ujinga wenyewe? Kila farasi unanunua ni moto unapelekea breki zenye tayari zimeshindwa.

Kwa hivyo, mpangilio. Huu ndio nilifuata nikianza upya, na sikugusa injini.

Moja, breki. Mafuta mapya, DOT 4 nzuri ama DOT 5.1, yabadilishwe yote mpaka yatoke masafi kwa magurudumu manne. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni ya silikoni, usiichanganye na hizi hata ukipewa bure. Pedi za kuvumilia moto. Diski zipimwe unene, zisiangaliwe tu kwa macho. Mipira ya laini yenye imekaa miaka 20 ing'olewe, inavimba ukikanyaga. Mimi zote ziliniingia chini ya 45,000. Eksozi yangu pekee ilikuwa 65,000. Fanya hesabu yako.

Mbili, tairi. Tafuta ile alama ya DOT ubavuni, angalia tarakimu nne za mwisho. Ikiandikwa 2316, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Haijalishi meno yanakaa mapya, mpira umezeeka, umekuwa mgumu kama soli. Tairi za mtumba zenye rangi nyeusi inang'aa ni rangi tu. Na nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, zikaguliwe tena baada ya mizunguko ya kwanza. Msee kuruka juu ya spana na mguu si kipimo.

Tatu, joto. Hii Nairobi yetu iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Huku maji ya sufuria yanachemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Chenye kinazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni presha, na presha inashikwa na kile kifuniko kidogo. Kifuniko kikilegea, injini ya turbo inapika gasketi huku wewe unajisifu. Badilisha kifuniko, mipira, thamostati, na uangalie matangi ya plastiki ya rejeta kama yana nyufa. Oili nayo: kwa kona ndefu inakimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa. Beringi za injini zikikosa oili hata kwa muda mfupi, mtasikia ile tok-tok-tok, na hiyo sauti wasee wa Subaru mnaijua bei yake. Jaza hadi alama ya juu, ipime kila ukitoka, si mara moja kwa mwezi.

Nne, miguu. Bushi, boljointi, shoku. Gari ya zamani ikiwa na bushi zimekufa, alainimenti unayolipia leo kesho haipo. Mtu anaweka spoila kubwa na gari inatingika nyuma kama mkokoteni wa maji. Anza chini.

Tano, mwili wako. Helmeti ya nduthi si ya gari. Za mbio za gari zenye alama ya Snell SA zimejaribiwa kwa moto, za pikipiki hazijajaribiwa hivyo. Na hii mishipi ya pointi nne mnafunga juu ya kiti cha kawaida, bila kiti cha mbio na bila vyuma vya kulinda paa: inakushikilia wima, gari ikibiringika paa linashuka, wewe huna pa kuinamia. Mshipi wa kawaida wenye unafanya kazi ni afadhali kuliko mshipi mwekundu wa kupiga nao picha. Pia ondoa kila kitu kinachotembea ndani. Chupa moja ya maji chini ya pedo ya breki, na mazishi ni Jumamosi.

Najua mko na majibu. Mbili nazisikia kila siku.

La kwanza: "Traki ni ya mababi, sisi hatuna doo." Buda, uliweka eksozi, ukatuniwa, ukabandika stika, na kila Ijumaa unachoma mafuta ya elfu tatu ukizunguka ukitafuta wa kushindana naye. Doo uko nayo. Imekaa tu mahali penye inasikika. Pesa ya breki haipigi kelele, ndiyo maana haupendi kuitumia. Na gari ya miaka 20 ndiyo inafaa zaidi kwa hii kazi, kwa sababu sheria hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo hizi bugeye zilizopo ndizo zilizopo. Kila moja unayobandika kwa mti haitarudishwa na meli.

La pili: "Hakuna pa kukimbilia." Hapa mko na ukweli nusu. Hatuna Kyalami yetu. Nchi yenye imekimbiza Safari Rally tangu 1953, ikarudishiwa raundi ya dunia mwaka 2021, haina mahali mtoi wa Umoja anaweza kwenda Jumapili kujifunza kukata kona bila kuua mtu. Hiyo ni aibu, na wenye mashamba, kaunti na Kenya Motor Sports Federation wanafaa kuulizwa kila siku. Lakini autocross ziko. Siku za kupimana na saa ziko. Chache, ndiyo. Wangapi kati yenu mmewahi kwenda hata moja kuangalia? Usiniambie hakuna mahali na hujawahi kutafuta.

Na kwa wenye mnasema bila nguvu huwezi kuheshimika, nendeni mkasome Safari ya 1993. Subaru ilileta Vivio, kagari ka sisi 660, injini ndogo kuliko ya pikipiki zingine. Colin McRae, msee wa mwendo, alipewa moja. Hakumaliza. Patrick Njiru wetu alipewa nyingine, akaitunza, akaifikisha mwisho nambari 12. Sisi 660, wasee. Mbele ya magari mangapi yenye nguvu yaliyobaki porini na boneti wazi?

Nimalize na wenzangu wenye tuko na wafuasi. Tuache kujifanya klipu ni klipu tu. Tunajua nani anaangalia. Ni mtoi wa 19 na ufunguo wa gari ya mathee. Tunapopost mwendo wa usiku kwa barabara ya watu wote, tunamuonyesha mguu wa kulia peke yake. Hatumwonyeshi pedi, hatumwonyeshi mafuta meusi, kwa sababu hizo hazina likes. Mimi nimelipwa na garage moja kusifu kazi yao, na sikuwahi kuwauliza kama wanakagua breki kabla ya kutuni. Sitakubali tena pesa kama hiyo. Wewe je?

Eksozi niliuza. Nilipata 40,000, ikanunua tairi tatu, ya nne nikaongezea. Gari sasa imenyamaza. Nilirudi traki mara mbili tangu hapo, injini ni ile ile, na nimekuwa na kasi kuliko ile siku ya kwanza, kwa sababu sasa naweza kuchelewa kukanyaga breki nikijua itakuwepo. Yule mtoi bado tunaongea. Amesema plasta ikitoka anataka kuja kuangalia. Beste yake sijui nimwambie nini, kwa hivyo nimewaambia nyinyi.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua boneti, angalia ile chupa ndogo ya mafuta ya breki upande wa dereva. Kama iko rangi ya chai ya mkandaa, hiyo gari haiendi mahali Ijumaa.