Soma Kibandiko Kabla ya Kununua Jokofu

Ndugu msomaji, jokofu lina bei mbili. Ya kwanza hulipwa dukani, mara moja. Ya pili hulipwa nyumbani kila umeme wa Cash Power unapokwisha, nayo huendelea kwa miaka mingi. Muuzaji hutaja ile ya kwanza tu. Ya pili yapatikana katika kibandiko cha mlangoni.

Natutazame namna ya kukisoma. Tafuta tarakimu iliyo kando ya herufi kWh. Hizo ndizo uniti ambazo jokofu hula kwa mwaka. Gawanya kwa 12 upate za mwezi. Tuseme majokofu mawili ya ukubwa mmoja yameandikwa, moja 360 na jingine 180: la kwanza litakula uniti 30 kwa mwezi, la pili 15. Hapa Rwanda bei ya uniti za nyumbani hupanda kadiri matumizi yanavyozidi, hivyo zile 15 za ziada zaweza kuwaingiza katika ngazi ya bei ya juu. Kwa familia itegemeayo mshahara wa askari aliye mbali kikazi, tofauti hiyo ni sukari na madaftari ya watoto.

Jihadharini na alama. Kenya hutumia nyota, moja hadi tano, na wingi wa nyota ndio ubora. Ulaya hutumia herufi, A ikiwa bora na G dhaifu. Lakini Machi 2021 Ulaya ilifuta daraja za A+, A++ na A+++ katika majokofu, ikaanza kipimo kikali zaidi. Kwa hiyo jokofu la mtumba lenye A+ halilingani na lenye A ya leo. Tena kibandiko hueleza hali ya chombo kikiwa kipya; mpira wa mlango ukilegea, umeme utakaoliwa utazidi hesabu hiyo.

Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana hapa Kigali kupunguza gesi za HFC, zitumikazo katika majokofu na viyoyozi na zinazoongeza joto la dunia. Mwaka 2019 Rwanda ikatoa mkakati wa taifa wa upoozaji, pamoja na viwango vya chini vya ufanisi wa vyombo hivyo. Lakini kiwango hakimfai sana mnunuzi asiyesoma.

Wahenga walinena: rahisi yavunja upishi. Kabla ya kutoa fedha, mwulize muuzaji uniti za mwaka. Asipojua, na kibandiko hakipo, afadhali mwende duka jingine.