Njaa ya Hapa Hapa



Kwenye kikao kilichopita, tulipokuwa tunagawa fedha za ile hafla yetu ya kila mwaka, niliuliza kama tunaweza kubakiza kidogo kwa ajili ya wenye njaa wa mji huu. Watu walicheka. Kaka mmoja akasema, "Injinia, Uingereza hakuna njaa, kuna uvivu tu." Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Mimi ni mtu wa Kongwa, mkoa wa Dodoma, kwa hiyo njaa sihitaji kufundishwa. Kwetu mvua ikikata mapema, mtama na mahindi vinakaukia shambani. Lakini unga ukikuishia unamtuma mtoto kwa jirani na bakuli, na jirani hamwulizi mtoto barua ya mtendaji. Nilipopanda ndege nilidhani mambo ya bakuli nimeyaacha nyuma. Mwaka wangu wa pili hapa, fedha za mfadhili zikachelewa wiki saba. Nikalipa kodi ya chumba, nikabaki na mchele na chumvi. Kubeba boksi nako kuna mipaka yake: viza inaturuhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na hizo saa zenyewe kuna wiki hupewi hata moja.

Mshauri wa wanafunzi akanipatia vocha ya benki ya chakula. Nilikaa nayo mfukoni siku nne. Siku ya tano nikaenda, kofia nimeivuta mpaka machoni. Kwenye foleni, mbele yangu, nakuta nani? Mwenzetu, wa jumuiya hii hii! Akanigeukia, akasema yeye amekuja kujitolea. Na mimi nikasema nimekuja kujitolea. Basi tukasimama pale wajitoleaji wawili, kila mmoja na vocha yake mkononi.

Wengi wetu hatujui benki hizi zilianzaje. Mtandao mkubwa kabisa hapa nchini ni wa Trussell, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 na mtu na mkewe, Paddy na Carol Henderson. Lengo lao wakati huo lilikuwa kuwasaidia watoto waliokuwa wakilala kwenye stesheni ya treni huko Bulgaria. Mwaka 2000 mama mmoja wa Salisbury, mji wao wenyewe, akawapigia simu kuuliza wao watamsaidiaje, maana usiku ule watoto wake wanalala na njaa. Wakaanza kuweka makopo kwenye banda na gereji ya nyumbani kwao. Kati ya Aprili 2023 na Machi 2024 mtandao huo ulitoa vifurushi zaidi ya milioni 3, na zaidi ya milioni moja ni vya watoto. Huo ndio uvivu aliousema kaka yangu.

(Na tusisahau kwamba mwaka 1947 Waingereza walikuja kwetu Kongwa kulima karanga kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, mwaka 1951 wakaufuta mradi. Njaa ya Mwingereza babu zetu waliiona kwa macho.)

Sasa sikilizeni tatizo langu na vocha. Siwalaumu wanaozitoa, chakula ni kidogo na wanataka kimfikie mhitaji. Lakini kihandisi, ukijenga mlango ambao mtu hapiti mpaka athibitishe shida yake, utawazuia walaghai wachache na utawapoteza wenye haya wengi. Sisi Waafrika ndio wa kwanza kupotea. Nyumbani wanajua tuko Ulaya tunakula kuku. Wenzetu wa Nigeria, naira ilipoporomoka kuanzia Juni 2023, ada iliyokuwa inalipika ikawa mlima, na hao hao tulikuwa nao kwenye hafla wamevaa wakapendeza. Nani angejua? Halafu kuna hofu ya viza. Ni kweli tumekatazwa fedha za umma, ila kifurushi cha benki ya chakula hakihesabiwi kuwa fedha za umma. Mjue hivyo na mwambiane.

Nimeona njia nyingine kwenye hekalu la Masingasinga, wenyewe wanaliita gurdwara. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na watu, unapewa dengu, chapati na wali. Hakuna vocha wala swali. Daktari yuko pale, dereva teksi yuko pale, na mwenye njaa yuko pale, na huwezi kuwatofautisha. Mara ya kwanza niliwaza kwamba mwenye gari anakula bure anapunja. Baadaye nikaelewa kwamba bila yeye kukaa pale, kila mtu angejua mimi nimefuata nini.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Nusu ya fedha za hafla iende nyumbani kama kawaida, sigombani na hilo. Nusu inunue maharage, mchele na unga, tupike sufuria moja kubwa kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa wanafunzi. Aje yeyote, Mzungu, Mhindi, Mwafrika, mwenye nacho na asiye nacho. Hasa mwenye nacho, tafadhali, njoo ule. Kuhusu jiko, tuwaulize halmashauri ya mji utaratibu wa usajili kabla hatujawasha moto, maana mambo ya usafi wa chakula hapa si mchezo.

Mkutano mkuu ni baada ya Pasaka na nitaileta hoja na hesabu zake. Yule mwenzangu wa foleni ameahidi kuiunga mkono, ila ameomba nisimtaje jina.