Kujitolea Katika Akiolojia: Macho Kabla ya Jembe

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa shule kutoka Afrika Kusini alipita katika korongo la Isimila, karibu na mji wa Iringa, akaokota mawe kadhaa yaliyochongwa. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimeumega udongo wa korongo hilo na kuyaacha mawe wazi. Kijana huyo aliyatambua kuwa ni kazi ya mikono ya watu, akayafikisha kwa wataalamu. Mwaka 1957 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago alianza uchimbaji mahali hapo. Leo Isimila hutajwa katika vitabu vya akiolojia ulimwenguni kote kwa ajili ya mashoka yake ya mkono, ambayo umri wake hukadiriwa kuzidi robo milioni ya miaka.

Kisa hicho husimuliwa aghalabu kana kwamba kilikuwa bahati tu. Bahati ilikuwapo, lakini jiwe lililochongwa halimsemeshi mtu asiyejua kulitazama. Kijana yule alikwisha kujua tofauti kati ya jiwe lililopasuka kwa jua au kwa kugongana na mengine mtoni, na jiwe ambalo vipande vyake vimebanduliwa kwa mpango, pande zote mbili, hata likapata makali. Tofauti hiyo yaweza kufundishwa darasani kwa saa moja. Kwa nini basi haifundishwi katika shule zilizo mwendo wa miguu tu kutoka mahali kama hapo?

Jawabu mojawapo ni kuunda vyama vya ridhaa vya akiolojia, vyenye makao yake shuleni na vyenye kuwakaribisha walimu, wanafunzi, wakulima na wastaafu wa jirani. Katika nchi kama Uingereza vyama vya namna hiyo ni vya zamani. Wanachama wake hupita katika mashamba yaliyolimwa, hutazama ardhi hatua kwa hatua, huosha vigae, huvitia alama na kuandika. Huko huko Uingereza, mwaka 1939, Basil Brown alichimba kilima cha kaburi huko Sutton Hoo. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, na elimu ya akiolojia aliitafuta mwenyewe. Alipokuta misumari ya chuma iliyopangika katika safu, hakuing'oa. Aliiacha kila mmoja mahali pake na kuondoa mchanga taratibu kuizunguka. Mbao za chombo zilikuwa zimekwisha kuoza kabisa. Lakini kwa sababu misumari haikuguswa, umbo la meli nzima, yenye urefu wa mita 27 hivi, likaonekana katika mchanga. Mtu mwenye haraka angalitoka na ndoo ya misumari yenye kutu, na pasingalikuwa na meli.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na wapenzi wa mambo ya kale. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza kutolewa mwaka 1936, lilichapisha makala za maofisa na wamisionari waliozunguka magofu na mapango na kuyaeleza. Makala hizo zina manufaa hata leo. Hata hivyo, upenzi huo ulikuwa hasa wa wageni, na mwenyeji aliingia humo kama mbeba mizigo au mchimbaji wa kibarua. Lakini ni mmoja wa vibarua hao, Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyevumbua taya la kale la Peninj karibu na Ziwa Natron mwaka 1964, na mwaka 1984 akaona kipande kidogo cha fuvu kilichowafikisha wenzake kwenye mifupa ya yule aitwaye Kijana wa Turkana. Yeye hakuwa mtu wa kujitolea. Alikuwa akilipwa, na ilikuwa haki yake. Ila jambo lililomtukuza halikuwa shahada. Lilikuwa ni macho yaliyozoezwa kwa miaka kutofautisha mfupa na changarawe.

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi kwa taifa. Kwa muda mrefu historia ya pwani iliandikwa kutokana na vitu vinavyovutia: misikiti ya matumbawe, sarafu, na vyombo vya kaure vya China. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliiona miji hiyo zaidi kama zao la wahamiaji kutoka ng'ambo. Baadaye watafiti, miongoni mwao Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizingatia vigae vya vyungu vya kawaida, vyeusi na vya kahawia, vilivyochorwa mistari na pembetatu kwa kijiti kabla ya kuchomwa. Vigae hivyo vilionekana pwani na bara, katika makazi ya wakulima na wafua chuma waliokuwapo kabla ya misikiti ya mawe. Picha ikageuka: mizizi ya miji ya Waswahili ikaonekana kuwa ni ya hapa hapa. Kigae cha chungu cha kupikia, ambacho mtu hukipiga teke njiani, kilikuwa na neno ambalo kaure ya China haikuweza kulisema.

Vigae vya namna hiyo ndivyo vinavyofaa kuandikishwa na chama cha shule, maana vimetapakaa mno kiasi kwamba idara ya serikali yenye watumishi wachache haiwezi kuvifikia vyote. Na vinatoweka. Trekta hulima, msingi wa nyumba huchimbwa, mchanga na kokoto huchukuliwa na malori. Huko Kolo, katika Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, baadhi ya michoro imeharibiwa na watu walioimwagia maji ili ionekane vizuri zaidi. Walioifanyia hivyo walikuwa ni watazamaji wenye nia njema kabisa.

Hapa ndipo wataalamu wengi hushituka wasikiapo habari ya kujitolea, na wana haki. Kitu cha kale kikiondolewa mahali pake hakirudishiki. Kipande cha mkaa kikipimwa kaboni 14, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730, kitatoa umri wa mti uliochomwa, basi. Umri huo hauwi umri wa chungu au wa shoka ila ijulikane kwamba vyote vililala katika tabaka moja, bila shimo la panya wala mzizi kuvichanganya. Aliyechimba bila kuandika tabaka ameuchana ukurasa baada ya kusoma neno moja. Tena uchimbaji bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Wale wanaochimbua kandokando ya maboma wakitafuta mali inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani huacha mashimo tu, na mara nyingi huharibu kilichokuwa na thamani ya kweli.

Kwa hiyo chama cha ridhaa kisianze na jembe. Kianze na daftari. Mwanachama aonapo vigae, mabomba ya udongo ya mifuo ya chuma au mawe yaliyochongwa, aandike tarehe, jina la mwenye shamba aliyetoa ruhusa, na mahali penyewe kwa latitudo na longitudo, ambazo simu ya mkononi huzionyesha. Apige picha pamoja na rula, aviache vitu papo hapo, na taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya mambo ya kale. Kuosha vigae, kuvichora na kuvihesabu kutafuata endapo mtaalamu mwenye kibali atakuja.

Naye mtaalamu ana deni. Neno kujitolea limechakaa nchini kwa kutumiwa kama jina la heshima la kazi isiyolipwa. Si haki kijana afanye kazi juani likizo nzima, kisha jina lake likose katika taarifa, na taarifa yenyewe ichapishwe ughaibuni kwa lugha na bei ambazo shule yake haiwezi kuzimudu. Kila taarifa iwe na majina ya waliovumbua, na nakala yake kwa Kiswahili iwekwe katika maktaba ya shule na ofisi ya kijiji.

Majira bora ya kupita mashambani ni baada ya mavuno, nyasi zikiwa zimekauka, na tena mara baada ya mvua za kwanza, maana maji huosha vumbi na kigae huonekana wazi juu ya udongo. Muda huo ni wa siku chache tu kabla ya magugu kuota.