Kabati la Gemu la Kujitengenezea: Usilionee Aibu Chogo, Ila Usilivue Nguo!

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira kidogo, naomba mnivumilie.

Kuna MC mmoja maarufu sana huku kwetu, jina naliweka kapuni. Juzi kati kaposti klipu ya kabati la gemu alilotengenezewa na seremala. Yale makabati ya kusimama kama ya kwenye muvi za zamani za Wamarekani, yana fimbo ya kuongozea na vitufe vya rangi rangi, unasimama unacheza Pac-Man au Street Fighter. Sio dubwi jamani, hakuna kamari pale. Kioo kaweka flati ya inchi 43, inawaka hatari. Kwenye maoni ni moto moto tu, kila mtu anataka la kwake.

Mimi nikaenda kulicheza. Wadau, nisiwafiche, lile kabati ni zuri la kupigia picha tu. Nabonyeza kuruka, Mario anafikiria kwanza ndo anaruka. Na Mario mwenyewe kanenepa kama kala ugali wa siku tatu! Dogo mmoja pembeni yangu akasema, "Mura, hii inachelewa." Akaondoka zake. Dogo wa darasa la tano kaona kitu ambacho watu wote kwenye maoni hawajakiona.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini. Hizi gemu za zamani, kuanzia Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980, zilitengenezwa kwa ajili ya kioo cha chogo. Chogo halifikirii. Picha ikiingia kwenye waya, muda huo huo inachorwa kwenye kioo. Flati yenyewe inaipokea, inaikuza ijae kioo, inailainisha, ndo inakuonyesha. Gemu nyingi za aina hii zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Flati ikichelewa hata picha tano tu, we ushakufa kwenye gemu na hujui umekufaje.

Na ule unene wa Mario? Gemu nyingi za zamani picha yake inakaribia mraba, upana 4 kwa urefu 3. Flati ya sasa ni 16 kwa 9. Ukiilazimisha ijae kioo chote, kila mtu anakuwa bonge. Halafu zile gemu za bunduki za kupiga bata tulizocheza utotoni, bunduki ile kwenye flati haifanyi kazi kabisa. Inasoma mwanga wa chogo, basi.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: kama unatengeneza kabati la gemu za zamani, chogo ndo mfalme. Watu walidhani limekufa tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Halijafa. Lina matundu ya AV, njano, nyekundu na nyeupe, chomeka PS2 yako au kompyuta ndogo yenye AV, kazi imeisha. Na bei yake siku hizi ni ya kuokota. Mimi la kwangu la inchi 21 nimelichukua kwa elfu 25 kwa mama mmoja aliyekuwa analiwekea maua juu.

Ila sasa nakuja kwenye hasira yangu.

Nina mshkaji wangu, dereva boda. Kadunduliza miezi sita afungue kibanda cha gemu karibu na nyumbani kwao, ili madogo wachezee pale na yeye aache kukesha barabarani. Chogo alikuwa nalo, zima kabisa. Ila alipoona ile klipu ya MC akaona aibu. Akaniambia, "Mwanangu, watu watanicheka, watasema nimeweka TV ya bibi." Akaamua alifungue chogo, atoe lile gamba la plastiki la nyuma, kioo kikae ndani ya kabati jembamba kionekane kama flati. Waya wa umeme alikuwa ameshauchomoa ukutani, akajua kitu kimekufa.

Hakijafa wadau. Chogo la rangi likiwa linafanya kazi, ndani yake kunakuwa na zaidi ya volti 20,000, na ukichomoa waya kile kioo bado kinaweza kushikilia umeme. Mshkaji kaingiza bisibisi chini ya ile kofia ya mpira iliyobana kwenye kioo. Shoti ikamrusha mpaka kwenye mlango. Mkono ukavuta nyuma, ukapiga shingo ya kile kioo, ikakatika. Kalala hospitali usiku mmoja. Vidole viwili vilikuwa na ganzi zaidi ya wiki, na dereva boda bila vidole vya kushika breki atakula nini? Chogo limekufa, akiba imeenda kwenye matibabu, kibanda hakuna. Mama yake hataki hata kusikia neno gemu.

Yote hayo kwa sababu ya kuonea aibu kitu ambacho kilikuwa kizuri kuliko cha huyo MC. Ndo maana nimekasirika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa bure.

Kwanza, chogo likae na gamba lake. Mwambie seremala atengeneze kabati nene, kina kifuate TV, sio TV ifuate kabati. Aweke ubao imara chini maana la inchi 21 linaweza kuvuka kilo 20, na nyuma aache wazi joto litoke. Mbele unakata fremu ya plaiwudi, unapaka rangi nyeusi, gamba halionekani kabisa. Ndani kukiharibika ita fundi TV anayejua kazi yake. We na mimi sio mafundi, tumeishia kuangalia YouTube.

Pili, kama huna nafasi, au uko kijijini unatumia sola, chogo litakumalizia betri. Hapo tafuta monita bapa ya kompyuta ya zamani, zile za inchi 17 zinazokaribia mraba. Inakula umeme kidogo, nyepesi, na nyingi hazichelewi kama TV kwa sababu hazina mambo mengi ya kulainisha picha. Mario anabaki na mwili wake.

Tatu, kama flati unayo tayari na hela imeisha, usilie. Ingia kwenye mipangilio utafute sehemu iliyoandikwa Game, uwashe, halafu picha iweke 4 kwa 3. Mistari meusi pembeni isikuumize roho, zibe na ubao.

Na kabla hujanunua chochote, nenda na gemu yako dukani, chomeka, ruka mara kumi. Kidole chako kitakwambia ukweli kuliko maoni 300 ya Instagram.

Kwa MC wetu, sina ugomvi na wewe kaka. Ila siku nyingine ukiposti, waambie watu pia kama gemu yenyewe inachezeka. Kuna madogo huku wanakuangalia wewe, na wana bisibisi mkononi.

Mshkaji wangu karudi barabarani, vidole vimepona. Lile chogo langu la elfu 25 nimempa, na safari hii kabati tunalipima kwanza. Mama yake bado hajui, msimwambie.

Haya wadau, we ungeweka chogo, monita au flati? Tupia maoni hapo chini, ila matusi hapana.