Mafunzo ya Nyumbani: Kokwa ya Kutunzwa na Kokwa ya Kutupwa



Kila mwaka, kuanzia Novemba hata Januari, soko la Kariakoo na mitaa yake hujaa maembe. Asubuhi kila pembe ina muuzaji, na jioni mitaro ya maji yaonyesha yaliyoliwa mchana: kokwa juu ya kokwa. Ramadhani ikiingia huja kokwa za tende, na mafenesi na maparachichi nayo yana zamu yao. Ilhali Mwenyezi Mungu, katika Suratul An'aam, aya ya 95, ametaja kupasuka kwa mbegu na kokwa miongoni mwa dalili za uweza Wake. Basi mwezi huu tuzitazame kokwa moja moja, tujue ipi ya kutunzwa na ipi ya kutupwa. Maana iko pia yenye kudhuru, na wa kwanza kudhurika ni watoto.

Tuanze na tende. Bibi Asma binti Abubakar, Mungu amwie radhi, akizichukua kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubeir, zikapondwa ziwe chakula cha ngamia. Habari hiyo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Katika nchi za Ghuba kokwa hizo hulishwa mifugo, na wako wazikaangao na kuzisaga wapate kinywaji mfano wa kahawa, kisichozuia usingizi. Zioshe, zianike juani hata zikauke barabara, uzikaange mpaka ziwe nyeusi-nyeusi, kisha zitwangwe na kusagwa. Ni ngumu, zataka mkono wenye nguvu. Unga wake huchemshwa kwa tangawizi na hiliki.

Hata bila ya kusagwa, kokwa ya tende ni kitabu cha bure. Mwonyeshe mwanao ule uzi mwembamba ulio katika ufa wake: ndio fatili. Kitone kidogo kilicho mgongoni ni nakiri, na kijingozi chembamba kiifunikacho ni kitmiri. Yote matatu yametajwa katika Kurani kuwa ni mfano wa kitu kidogo kabisa. Mtoto asomaye kwamba hapana atakayedhulumiwa hata kadiri ya fatili, na aione fatili yenyewe kwa macho yake. Kisha mpangie kokwa 40, atoe 1: hiyo ndiyo zaka ya fedha, naye hataisahau.

Kokwa za fenesi ni chakula. Zichemshe kwa maji na chumvi kiasi cha nusu saa, umenye ngozi nyeupe ya juu, ule. Zashibisha kama viazi. Lakini zisiliwe mbichi.

Kokwa ya embe haina subira. Ikikaushwa na kuwekwa wiki chache, uhai wake hutoka. Ya tende ni kinyume chake: kokwa yenye umri wa takriban miaka 2,000, iliyofukuliwa Masada karibu na Bahari ya Chumvi, iliota mwaka 2005. Kwa hiyo mwenye kutaka mche wa mwembe asingoje. Mtu mzima na aifungue kokwa taratibu kwa kisu, atoe kiini, akifukie kwa kina kifupi katika kopo lililotobolewa chini, upande uliobinuka uwe juu. Najua ya kuwa nyumba nyingi zenye uani pale Kariakoo zimekuwa maghorofa. Lakini kopo hutosha barazani, na mche ukikua mpelekee jamaa mwenye kiwanja Chanika, Mbagala au Kigamboni. Mti wa kokwa huenda usizae tunda kama la mama yake. Bwana shamba aweza kuubebesha kikonyo cha mwembe bora. Na kila atakayekula matunda yake, awe mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyepanda, kama alivyotufunza Mtume, rehema na amani zimshukie.

Kokwa ya parachichi nayo huota. Aidha ikikatwa vipande na kuchemshwa kwa moto mdogo hutoa rangi ya waridi, iwezayo kuhuisha kitambaa cha pamba kilichofifia. Wako waisagao wakainywa kwa kusifiwa kuwa ni dawa. Usalama wake kwa mwanadamu haujathibitishwa. Basi na iishie katika rangi na miche.

Sasa nawaomba wazazi wanisikilize vyema. Watoto wetu wa pwani wamezoea kuokota kungu, kuzigonga kwa jiwe na kula kiini, na hapana ubaya. Lakini sokoni huja pia pichisi na plamu kutoka Lushoto. Mtoto huiona kokwa ya pichisi akadhani ni ndugu ya kungu, akaipasua na kutafuna kiini. Kiini hicho kichungu kina kitu ambacho mwilini hugeuka kuwa sianidi, nayo ni sumu kali. Mtoto aliyevitafuna, akashikwa na kichwa, kizunguzungu, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, wala asingojewe apoe. Kokwa za pichisi na plamu zikusanywe mezani zingali mbele ya macho yako, zitiwe katika pipa lenye kifuniko. Na kokwa yoyote, hata ya zambarau au ya tende, isiachwe mbele ya mtoto mdogo, maana yaweza kumpalia.

Vijana, kazi yenu mwezi huu ni nyepesi: kila nyumba mche mmoja katika kopo, na kila mkubwa amfunze mdogo wake kuitambua kungu na pichisi. Kuchunga mali ni jambo jema, na kuchunga roho kunatangulia.

Wabillahi tawfiiq.